Mtendaji anataka jina la aliyetuma picha kwenye grupu letu, je WhatsApp wakiandikiwa watamtoa?

Mwana_wa_Kisima
Wakuu salama? Naombeni kueleweshwa maana siku ya tatu leo silali vizuri.

Mimi ni admini wa grupu la WhatsApp la kata yetu huku kanda ya ziwa, tupo watu 200 na ushee, tulilianzisha kwa mambo ya maji tu, zamu za kisima, pampu imekufa, mchango wa dizeli, basi. Mwezi uliopita mtu mmoja akatuma picha za mabomba ambayo kwenye makaratasi ya mradi yameshafukiwa ardhini, kumbe yamelala nyuma ya nyumba ya mtu yamefunikwa turubai. Watu wakawaka. Picha zikatoka nje ya grupu zikafika hadi wilayani, sasa juzi mtendaji kaniita ofisini, kaniambia kwa upole kabisa nimtajie nani alizipiga. Nikamwambia simjui, na kweli simjui, ile namba haikuwa na jina na mwenyewe alishajitoa kwenye grupu kesho yake. Akasema sawa, basi tutawaandikia wenye WhatsApp wenyewe watatupa.

Swali langu ni hilo. Hivi barua ikitoka huku kwetu ikafika Marekani kampuni inafungua tu faili na kusema huyu hapa? Inamlinda mtu kwa kitu gani hasa? Nimesikia wanaosema WhatsApp hakuna anayesoma, nimesikia na wanaosema kila kitu kinasomwa, sijui nimwamini nani. Yule mtu aliweka zile picha kwa kutuamini, akipata matatizo mimi nitajisikia vibaya maisha yangu yote.

FundiLaini
Pole sana mkuu. Hapa kuna kitu kinawachanganya wengi, kuna maneno mliyoandikiana na kuna bahasha iliyobeba hayo maneno, na ulinzi wake haufanani hata kidogo.

Maneno yenyewe na picha zenyewe WhatsApp wamezifunga kwa enkripsheni ya mwanzo hadi mwisho, kazi waliyoikamilisha Aprili 2016. Ufunguo upo kwenye simu yako na simu za wenzako, seva yao inapitisha kifurushi kilichofungwa, hata jaji akiwaandikia leo hawana cha kufungulia. Brazil walikomaa nao kwa hili, mahakama zikafungia WhatsApp nchi nzima Desemba 2015, zikarudia Mei 2016, zikarudia tena Julai, na katikati hapo mwezi wa tatu polisi walimkamata mmoja wa wakubwa wa Facebook, ndio wenye WhatsApp, kule akalala ndani, yote kwa sababu ya meseji ambazo mahakama ilizitaka na kampuni ikasimamia kwamba haina namna ya kuzitoa.

Sasa bahasha. Bahasha wanaiona na wanaitunza. Namba, lini akaunti ilifunguliwa, mara ya mwisho kuonekana, IP yaani anwani ya intaneti aliyoingilia, aina ya simu, na ikija amri nzito zaidi ya mahakama wanaweza kutoa hata magrupu aliyomo na orodha ya namba alizonazo. Hivyo vipo na vikidaiwa kisheria vinatoka.

Ila mkuu mimi nakuuliza, mtendaji anahitaji kweli kwenda Marekani? Ile namba watu 200 waliiona. Kati ya 200 hao huwezi kuniambia hakuna wa kwake. Na akishakuwa na namba, laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, jibu lipo kwenye kampuni ya simu hapa hapa nchini. Kwa hiyo aidha namba hana, aidha anayo na anataka wewe ndo uonekane umetaja. Hilo lifikirie kwanza.

Halafu niambie, picha zilitumwa kama picha za kawaida au kama faili la dokyumenti? Maana picha ya kawaida WhatsApp inaibana na kuondoa yale maelezo ya ndani, mahali ilipopigwa na simu iliyopiga, lakini ukituma kama dokyumenti yanakwenda yote.

Mwana_wa_Kisima
Picha za kawaida mkuu, nimeangalia. Hilo la NIDA umenishtua, sikulifikiria kabisa. Na kweli kuna vijana wawili mle ndani wapo karibu sana na ofisi.

Chuma_Chakavu
Mleta mada usidanganywe. Hakuna kampuni inayokulinda wewe, kampuni inalinda jina lake. 2013 Snowden, yule aliyefanya kazi na majasusi wa Marekani, alipotoa makaratasi yao ya siri tukaona PRISM, mpango wao wa kuchukua data kwenye kampuni, majina makubwa yote yalikuwemo, Microsoft, Google, Facebook, Apple, Yahoo, na serikali yao ilikuwa inachukua data za watu wa nje kama sisi kwa amri za mahakama ya siri ambayo wewe mhusika huambiwi hata siku moja. Leo wanakuja na matangazo ya faragha, mabango makubwa barabarani. Mimi simuamini hata mmoja. Wakiambiwa toa watatoa, wasipotoa watapigwa faini mpaka watoe.

DadaWakili
Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Nimesoma uzi wote, nina mambo mawili matatu na yatakuwa marefu mnisamehe.

Kaka Chuma uko sawa kwenye faini ila Yahoo umeionea. Yahoo ndio waliokwenda kugoma mbele ya hiyo hiyo mahakama ya siri, 2007 hadi 2008, wakisema hizi amri zinavunja katiba. Serikali ikatishia kuwatoza dola 250,000 kwa siku kama hawatatii, wakashindwa kesi, wakatii, na hawakuruhusiwa hata kusema kwamba waligoma, dunia ilikuja kuelewa vizuri 2014 nyaraka zilipofunguliwa. Ninalotaka ulione hapo ni kwamba mwanasheria mzuri anaweza kukuchelewesha usitoe, anaweza kukupunguzia ulichoombwa, ila mahakama ya mwisho ikisema toa na kitu unacho, utatoa. Hakuna kampuni iliyo juu ya sheria ya nchi ilipo.

Kwa hiyo zile timu za sheria za kampuni kubwa kazi yake ya kila siku ni ipi. Barua ikija wanauliza wewe nani, una mamlaka gani, sheria gani inakuruhusu, unamtaka nani na kwa kipindi gani. Barua inayosema tupeni kila kitu cha kila mtu aliyekuwa kwenye grupu inarudishwa. Wakiona imekaa sawa wanatoa kile tu kilichotajwa, na wengi wana utaratibu wa kumjulisha mwenye akaunti kabla hawajatoa ili naye aweze kwenda mahakamani, isipokuwa wakipewa zuio la kutosema. Baadaye wanachapisha ripoti, Google ndio walianza 2010, unaona kila nchi iliomba mara ngapi kwa nusu mwaka na kampuni ilitoa kitu kwa asilimia ngapi. Na hili la kuuliza wewe nani msilione dogo, 2021 wahuni walijifanya polisi, wakatuma maombi ya dharura ya kughushi, Apple na kampuni ya Facebook wakatoa anwani na namba za simu za watu, ilikuja kujulikana mwaka uliofuata. Watu walitolewa kwa barua feki.

Sasa mtendaji wa kata. Barua yake ikifika kule haina uzito wowote. Kwa maudhui ya meseji Marekani inataka kibali cha jaji wao, na nchi ya nje kwa kawaida inapitia njia ya serikali kwa serikali, wizara kwa wizara, inachukua miezi na miezi. Hilo lisikunyime usingizi.

Linaloninyima mimi usingizi kwa niaba yako ni sheria ya nyumbani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 32 kinasema mkuu wa kituo cha polisi, au afisa wa ngazi kama yake, anaweza kumwamuru mtu yeyote mwenye data atoe, kwa ajili ya upelelezi wa jinai. Haihitaji hakimu. Na soma vizuri, mtu yeyote mwenye data. Sio kampuni tu. Admini mwenye simu mkononi na namba ya mtu ndani yake ni mtu mwenye data. Ila mtendaji wa kata si mkuu wa kituo, hana hayo mamlaka, na wewe una haki ya kumwambia kwa heshima zote, mheshimiwa naomba amri iletwe kwa maandishi na anayeruhusiwa na sheria.

Mwana_wa_Kisima
Dada nashukuru mno, ila umeniongezea hofu. Kwa hiyo mimi ndo kampuni?

DadaWakili
Kwa maana hiyo ndiyo, na si jambo jipya hapa kwetu. Kumbuka JamiiForums, lile jukwaa la mijadala mtandaoni. Polisi waliwaandikia wakitaka taarifa za wanachama waliokuwa wameandika kwa majina ya bandia juu ya kampuni fulani za biashara. Mwanzilishi wake, Maxence Melo, hakutoa. JamiiForums walitangulia wao kwenda Mahakama Kuu 2016 kupinga kifungu hicho cha 32, Desemba mwaka huo huo Melo akakamatwa, akafikishwa mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, na kesi 3, Machi 2017 Mahakama Kuu ikasema kifungu kinabaki. Kesi za Kisutu zikaburuzwa miaka. Kuhudhuria, kuahirishwa, kuhudhuria, kuahirishwa. Aprili 2020 moja ikaisha kwa kutiwa hatiani kwa kuzuia upelelezi, faini shilingi milioni 3 au jela mwaka 1.

Mimi nilikuwa chuoni kipindi kile na tulibishana sana darasani, wapo waliosema huyu kavunja sheria atoe yaishe. Sikukubaliana nao na mpaka leo sikubaliani. Mtu aliyeandika pale aliandika kwa sababu aliahidiwa jina lake halitatolewa kirahisi, na mtu mmoja akaibeba hiyo ahadi mwilini kwake, akalala rumande kwa ajili ya watu ambao pengine hakuwahi kuwaona sura. Kampuni yenye mawakili mia inafanya hivyo kwa pesa. Huyu alifanya na shati lake tu.

Lakini nikuambie wazi kaka, hiyo gharama si ya kumshauri kila mtu. Ndiyo maana bora usiwe na kitu cha kutoa kabla hujaulizwa.

Nahodha_wa_Tudor
Salaam kutoka Mombasa. Huyu dada ameongea, na hilo la mwisho nataka nilishikilie maana ndilo tulijifunza sisi kwa uchungu.

Mie na wenzangu watatu tuna kampuni ndogo, tunatengeneza programu ya vyama, hizi za wamama kuweka akiba na kukopeshana. Mwanzo tulikuwa twahifadhi kila kitu, mahali mtu alipo kila akifungua, orodha yake ya namba, tulifikiri siku moja itatufaa. Ukituuliza itatufaa nini hatujui. Basi mwaka mmoja wakaja mabwana wawili na karatasi ina nembo, haina muhuri wa mahakama, haina namba ya kesi, wataka kujua mama fulani alikuwa wapi siku fulani na jamaa zake ni kina nani. Tukawaambia leteni amri ya korti. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya 2010 chalinda faragha na kuna sheria ya data ya 2019, tulijua kidogo. Wakaondoka, hawakurudi. Lakini usiku ule sikulala, kwa sababu nilijua lile jibu tunalo. Lipo pale kwenye seva. Wakirudi na muhuri nitalitoa, na yule mama kosa lake mie silijui, pengine hana kosa, pengine ni mumewe ana mtu polisi.

Wiki ile ile tukakaa tukafuta. Mahali tukaacha kukusanya, orodha za namba tukafuta, kumbukumbu za kuingia twaweka siku 30 kisha zajifuta wenyewe. Mwenzetu wa masoko alilalamika sana. Sasa akija mtu na amri halali nitampa nilicho nacho, nacho ni kidogo.

Na wakubwa wanafanya vivyo hivyo wakitaka. Google walikuwa wakiletewa vibali vya eneo, yaani polisi wa Marekani wachora duara kwenye ramani na kusema tupeni simu zote zilizopita hapa saa fulani, na Google walikuwa wakizitafuta kwenye historia ya watu ya mahali. Desemba 2023 wakatangaza ile historia yahamia kwenye simu ya mtu mwenyewe, haikai kwao tena. Signal, programu ya meseji kama WhatsApp, ndio mfano mzuri zaidi. 2016 walipelekewa amri na waendesha mashtaka wa Virginia, Marekani, watoe wanachojua kuhusu namba mbili za simu. Moja haikuwa na akaunti, na ya pili walichotoa ni tarehe ya kufungua akaunti na siku ya mwisho kuunganika na seva. Kwisha. Si kwamba walificha, hawakuwa na jengine. Jina halimo, magrupu hayamo, nani aliongea na nani haimo.

Chuma_Chakavu
Nahodha hapo nimekuelewa, na dada Yahoo nimekubali. Mimi hasira zangu ni kwa hawa wanaosema "hatuwezi kufungua" halafu baada ya miaka unasikia wameweza. Telegram mwenyewe, mwenye kampuni Pavel Durov kakamatwa Ufaransa Agosti 2024, Septemba wakabadilisha masharti kwamba sasa watatoa namba na IP kwa maombi halali ya kisheria. Watu walikuwa wanaapa kwa jina la Telegram humu. Na Proton, wale wa barua pepe wa Uswisi, 2021, mwanaharakati wa mazingira wa Ufaransa alitolewa IP yake.

FundiLaini
Hizo mbili ni tofauti mkuu na inafaa zitofautishwe. Telegram meseji za kawaida na magrupu hazijafungwa mwanzo hadi mwisho, zimekaa kwenye seva zao na funguo wanazo wao, mpaka uanzishe ile mazungumzo ya siri ya watu wawili. Kwa hiyo pale ulinzi ulikuwa ni neno la mwenye kampuni, na neno la mtu likishikwa shati linabadilika. Proton barua pepe zenyewe hazikutoka maana zimefungwa, kilichotoka ni IP, na hawakuwa wanaitunza, mamlaka za Uswisi ziliwaamuru waanze kuiandika kwa akaunti ile moja. Yaani hata ambaye hatunzi anaweza kuambiwa kuanzia leo tunza.

Na ndo maana bekapu nataka kila mtu humu akaangalie sasa hivi. WhatsApp yako imefungwa, sawa, lakini bekapu ya kila usiku, yaani nakala ya akiba inayokwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Google Drive au iCloud ya Apple, kwa kawaida haijafungwa kwa ufunguo wako. Tangu 2021 kuna sehemu ya kuiwekea poswodi, ila haijiwashi yenyewe, unaingia kwenye mipangilio, chati, bekapu, unaiwasha. Na sio wewe tu, katika watu 200 akiwepo mmoja ambaye hajaiwasha mazungumzo yenu yote yapo kwenye akaunti yake. Nafungua simu za watu kila siku dukani, walioiwasha nawahesabu kwa vidole.

Binti_Leicester
Habari za huko jamani, mimi niko Uingereza mwaka wa 9 sasa. Hii mada inanigusa.

Apple walileta Desemba 2022 kitu cha kufunga karibu iCloud yote kwa ufunguo wa mteja, bekapu na picha zote, kiasi kwamba Apple wenyewe hawawezi kufungua. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya huku ikawapa amri ya siri chini ya sheria yao ya upelelezi ya 2016, wawawekee njia ya kuingia. Ikavuja kwenye magazeti. Apple hawakuweka njia, lakini mwezi wa pili wakaiondoa hiyo huduma kwa watu wa Uingereza, ambaye hakuwa ameshaiwasha akaambiwa haipo tena. Mimi sikuwa nimeiwasha. Nina picha za marehemu mama, meseji za mwanasheria wangu wa mambo ya makaratasi, vyote vipo mle na ufunguo wa pili anao mtu mwingine. Nilijisikia kama mwenye nyumba kabadilisha kitasa nikiwa kazini.

Ndo Apple hao hao waliosimama 2016 mbele ya FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, baada ya watu 14 kuuawa San Bernardino. FBI walitaka watengenezewe programu ya kuizuia simu ya muuaji isijifute ukikosea namba ya siri mara 10, na kuwaacha wajaribu namba zote. Walitumia sheria ya 1789, jamani, ya enzi za mashua. Apple wakakataa hadharani, bosi wao Tim Cook akaandika barua kwa wateja wote, hoja yao ikiwa programu hiyo ikishakuwepo itafungua simu zote za aina ile. FBI wakaondoa ombi mwishoni mwa Machi baada ya kupata mtu mwingine wa kuifungua. Watu wanalisahau hili, bekapu za iCloud za simu ile ambazo Apple walikuwa nazo waliwapa FBI, bila kelele. Walichogoma ni kile ambacho hawakuwa nacho na walitakiwa wakitengeneze.

Mimi sioni kwamba Apple walitusaliti huku, maana njia ya chini kwa chini ingekuwa mbaya zaidi na nisingejua. Lakini nilikosa kitu na sijui nimlalamikie nani.

DadaWakili
Pole dada Leicester, na Mungu amrehemu mama.

Umegusa jambo la mwisho ambalo kampuni anaweza kulifanya, kufunga duka. Lavabit ilikuwa huduma ya barua pepe ya Marekani, watumiaji zaidi ya laki 4, Snowden alikuwa mmojawapo. 2013 serikali ikataka ufunguo mkuu wa seva, ufunguo ambao ungefungua kwa wote, sio kwa yule mmoja. Mwenye kampuni, Ladar Levison, akawapelekea ufunguo umechapwa kwenye karatasi 11 kwa maandishi madogo hata macho hayasomi, jaji akakasirika akaweka faini ya dola 5,000 kwa siku mpaka autoe kwenye kompyuta. Akautoa, na papo hapo Agosti akazima huduma nzima. Aliona heri watu wapoteze barua zao kuliko waendelee kuandika wakidhani wako salama.

Kuna na upande wa wapi data imelala. Microsoft walikataa kutoa barua pepe zilizokuwa kwenye seva za Dublin kwa kibali cha Marekani cha 2013, wakashinda rufaa 2016, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na kabla haijaamuliwa bunge lao likapitisha sheria ya CLOUD Machi 2018, kwamba kampuni ya Marekani itatoa data popote ilipo duniani. Kesi ikafa. Kwa hiyo mtu akikuambia data yako ipo nchi nyingine kwa hiyo uko salama, muulize kampuni ni ya wapi.

Kaka Mwana wa Kisima, turudi kwako. Ukipokea amri halali ya polisi usifute chochote, kufuta kwa nia ya kuficha ni kosa jingine chini ya sheria hiyo hiyo. Nenda na mwanasheria, kama huna uwezo kuna vituo vya msaada wa kisheria, nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze cha mkoa wako. Leo ambapo huna amri yoyote, unaruhusiwa kabisa kupanga grupu lako unavyotaka kwa siku zijazo.

FundiLaini
Na kupanga kwenyewe ni hivi, washa jumbe zinazotoweka, kuna siku 7 na siku 90, chagua, waambie wanachama kwa nini. Mtu mwenye jambo nyeti asilete grupuni kwa namba yake, watu 200 sio siri. Wawili mnaoaminiana wawe na Signal. Na zima ile ya kuhifadhi picha zote kwenye galari yako.

Mwana_wa_Kisima
Wakuu nimerudi. Jana asubuhi nilikwenda ofisini mwenyewe bila kuitwa, nikamwamkia mtendaji, nikamwambia mheshimiwa namba hiyo simjui mwenyewe, na kama kuna kosa la jinai limetendeka naomba niandikiwe na polisi kituoni nitakuja na mwanasheria nitatoa ushirikiano. Mikono ilikuwa inatetemeka nikaiweka mfukoni. Alininyamazia muda mrefu, akaniuliza nani kakufundisha hayo, nikamwambia nimesoma. Akasema nenda.

Jioni nikaitisha kikao cha viongozi wa kisima, tumekubaliana siku 7, na tangazo nimelibandika juu ya grupu. Watu 11 wamejitoa, vijana wale wawili hawajajitoa. Bekapu yangu nimeiwekea poswodi, mke wangu nimemfanyia, mwenyekiti nimemfanyia, kesho naanza na wazee maana simu zao wanapewa wajukuu.

Barua kutoka polisi haijaja. Mabomba jana usiku yalipakiwa kwenye Fuso, na leo yameanza kushushwa pembeni ya mtaro.

Nahodha_wa_Tudor
Piga picha za mtaro.

Mwana_wa_Kisima
Zimeshapigwa mkuu, na sio mimi niliyepiga.